Datsun ya Viti Viwili Katika Nyumba ya Watu Saba

Kitu kilichotelekezwa miaka mingi kina majaribu yake. Mtu mwenye ujuzi wa mikono akiona cherehani isiyozunguka, au baiskeli iliyoegemezwa ukutani ikiliwa na kutu, au gari lililozama majanini mpaka madirishani, yeye haoni takataka. Huona kile kilichokuwapo zamani, na papo hapo mikono humwasha. Majaribu hayo yamefilisi nyumba nyingi. Zipo chache, hata hivyo, ambazo yamezifunza namna ya kukaa pamoja. Habari hii ni ya nyumba moja ya Jinja, nchini Uganda, ambamo sajini mmoja wa polisi, fundi katika karakana ya magari, alinunua gari la mbio lililokuwa limelala kwa miaka 26, akalifufua kwa muda wa miaka 7. Alilinunua mwishoni mwa mwaka 1998, wakati ambapo yeye na mkewe, mshoni wa sare za shule, walikuwa na watoto watano, nyumba ya vyumba viwili, na mshahara mmoja usiobadilika.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun 240Z. Kijana wa leo huenda asiujue uzito wa jina hilo, lakini babu yake anaujua. Lilitolewa na kampuni ya Nissan ya Japani mwaka 1969. Kwao liliitwa Fairlady Z, na katika masoko ya nje likaitwa 240Z. Injini yake ina silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja, zenye ujazo wa sentimita 2,393, na hulishwa na kabureta mbili. Breki zake za mbele ni za diski na za nyuma ni za ngoma. Pua yake ni ndefu, mkia mfupi, na viti vyake ni viwili tu.

Katika Afrika ya Mashariki gari hili halikupata sifa kwa ajili ya urembo, bali kwa ajili ya matope na vumbi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta, akiwa na Lofty Drews, alishinda kwa gari la namna hiyo hiyo. Alikuwa amelingana kwa adhabu na Harry Källström, naye alikuwa akiendesha Datsun ya aina nyingine, hata ikabidi mshindi aamuliwe kwa kutazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baadaye Mehta alishinda tena mara 4 mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Vijana wa siku zile walikuwa wakisimama kandokando ya barabara tangu alfajiri, ili wayaone magari hayo kwa muda wa kupepesa jicho. Sajini huyu alikuwa mmoja wao.

Gari lilivyolala

Mwenye gari alikuwa kijana wa Kihindi, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo, aliyelinunua likiwa jipya. Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda kwa muda wa siku 90. Familia ile ilifunga duka, na usiku mmoja kijana yule na ndugu zake wakalisukuma gari ndani ya ghala lililokuwa uani. Wakaling'oa magurudumu ili asiwepo wa kuliondoa kwa urahisi, wakalipandisha juu ya matofali, wakafunga mlango. Kisha wakaenda zao Uingereza.

Wapangaji waliofuatana katika jengo lile hawakulijali. Mmoja aliligeuza rafu ya magunia ya pamba. Mwingine akalilundikia viti vilivyovunjika. Katika miaka ya 1990, serikali ilipowaruhusu Waasia kurudi na kudai majengo yao, kijana yule, sasa mwanamume wa makamo mwenye mvi, alirudi na kulipata jengo la baba yake. Ghala lilipofunguliwa, gari lilikuwapo. Alimwita sajini, aliyefahamika mjini kwa ufundi, amshauri jinsi ya kulitoa, kwani wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamekwisha kubaliana naye bei. Sajini alilizunguka gari mara mbili bila kusema neno, kisha akauliza kama bei hiyo hiyo angeweza kuilipa mtu mwingine. Ilikuwa sawa na mishahara yake ya miezi mitatu.

Jioni ile alimweleza mkewe. Mama yule aliendelea kupinda ukosi wa shati, akauliza:

"Baba, gari hilo lina viti vingapi?"

"Viwili."

"Na nyumba hii ina watu wangapi?"

"Saba."

"Basi nimesikia."

Hakukubali wala hakukataa. Kesho yake, watoto walipokwisha kwenda shule, alimpa mumewe masharti matatu. Kwanza, gari lisiingie katika kiwanja chao bila karatasi zake. Pili, fedha za chakula na karo za shule zisiguswe; gari lijilipie lenyewe kwa kazi za ziada ambazo sajini angezifanya siku ya mapumziko. Tatu, kila senti iandikwe katika daftari, na daftari hilo alitunze yeye mama.

Karatasi kwanza, spana baadaye

Sharti la kwanza lilimpendeza sajini, kwani liliwafiki kazi yake. Askari polisi aliyekwisha kukamata magari ya wizi hawezi kuwa na gari lisilo na historia uani kwake. Wengi waliondoka mwaka 1972 wakiacha mali, na nyingi ya mali hizo zilibadilika mikono bila hati wala haki. Kama yule aliyeacha gari asingepatikana, sajini asingelinunua hata kwa bei ya sabuni.

Mwenye gari alikuwa ameichukua kadi ya gari mpaka Uingereza, imo katikati ya picha za harusi za wazazi wake. Aliiagiza ikaletwa. Sajini alifuta vumbi juu ya bati linalotenga injini na dereva, ambapo namba ya chesisi imepigwa. Herufi za mwanzo zilikuwa HS30, ambazo ni za magari ya aina hii yenye usukani upande wa kulia. Namba ikalingana na kadi. Akaitazama na namba ya injini iliyopigwa ubavuni, ikitanguliwa na L24, nayo ikalingana. Ndipo wakaandikiana mkataba mbele ya wakili, na malipo yakatolewa. Yafaa ieleweke kwamba kazi hiyo ya karatasi ilichukua miezi minne, na katika miezi hiyo minne hapakufunguliwa hata boliti moja.

Kutu haifichwi, hukatwa

Gari lilipofika kiwanjani lilijengewa banda la mabati. Jambo la kwanza alilolifanya sajini lilikuwa kulala chali chini yake, na tochi mkono mmoja na bisibisi mkono wa pili. Kwa mpini wa bisibisi aligonga bati shubiri kwa shubiri. Bati zima hulia. Bati lililoliwa hunyamaza, na likichomwa kwa ncha hupitisha. Gari la 240Z lina mahali pake panapojulikana kwa kutu: sakafu ya miguuni, mihimili iliyo chini ya sakafu, kitako cha betri, pembe za chini nyuma ya milango, na shimo la tairi la akiba. Jinja ni mji wa maji, na unyevu wa Ziwa Viktoria ulikuwa umefanya kazi yake kwa miaka 26 bila likizo. Sakafu ya upande wa dereva ilitoboka kwa kidole.

Mafundi wa mjini walimshauri apake puti, asugue kwa msasa, apige rangi. Gari lingeng'aa kwa mwezi mmoja. Sajini alikataa. Puti haiiondoi kutu, bali huifunika, nayo huendelea kula kwa ndani. Katika gari la namna hii sakafu na mihimili yake ndiyo mifupa yenyewe, kwa sababu halina fremu nzito ya chini kama lori. Gari lililooza mifupa na kupakwa rangi ni mtego kwa atakayelipanda. Basi alikata bati lote lililooza mpaka akafika kwenye chuma kizima, akakunja mabati mapya kwa kufuata umbo la yale ya zamani, akayachomelea. Kazi hiyo ilimaliza mwaka wa kwanza na nusu ya mwaka wa pili.

Tangi la petroli lilishushwa mbali na moto. Watu wasiojua hudhani kwamba tangi tupu si hatari. Kumbe tangi tupu lenye mvuke wa petroli ndilo hulipuka likiguswa na moto wa kuchomelea. Petroli iliyobaki ilikuwa imegeuka ulimbo. Lilioshwa kwa maji ya moto na sabuni, likatiwa kokoto na kutikiswa, likaoshwa tena mara nyingi, kisha likaanikwa juani kwa siku kadhaa.

Injini isilazimishwe

Hapa pana funzo kwa kila mwenye gari lililosimama muda mrefu, liwe la mbio au la kubebea ndizi. Pupa ya kutia betri na kuzungusha ufunguo ndiyo huua injini iliyokuwa ingali hai. Ringi za pistoni huwa zimeshikana na kuta za silinda, na kuta zina kutu. Ukizilazimisha, hukwaruza au huvunjika. Sajini alitoa plagi zote 6, akamimina katika kila silinda mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya injini, akaacha. Kila jioni alitia spana kwenye boliti ya puli ya krenki na kujaribu kwa mkono, taratibu, bila kutumia bomba la kuongeza nguvu. Siku ya kumi na moja krenki ilisogea upana wa ukucha. Aliacha hapo, akaenda kula.

Injini ilifunguliwa yote. Kichwa chake ni cha aluminiamu na bloku yake ni ya chuma, kwa hiyo maji yasiyobadilishwa huwa yanakila kichwa kwenye njia zake za maji. Hiki kilisalimika kwa bahati. Ringi na gasketi zilibadilishwa, vali zikasagwa zikalie vizuri. Kila kipande kilifungwa katika kitambaa chenye namba, na namba hizo aliziandika mtoto wa kiume wa pili, aliyekuwa darasa la sita. Nyaya zilizoguguwa na panya zilichorwa kwanza karatasini kwa rangi zake, ndipo zikakatwa. Breki hazikupewa huruma hata kidogo. Mafuta ya breki hunyonya maji yaliyo hewani, na baada ya miaka mingi silinda zake huoza kwa ndani hata kama kwa nje ni safi. Raba zote zilitupwa na mabomba yakabadilishwa. Sajini alikuwa na msemo katika karakana: gari lisilowaka halijamuua mtu, lakini lisilosimama limeua wengi.

Mwaka wa karo

Mwaka wa tatu ndio uliopima nyumba ile. Binti wa kwanza alipata nafasi katika chuo cha uuguzi. Karo ilizidi mno akiba iliyokuwapo, na muda wa kulipa ulikuwa mfupi. Wakati huo kopo la fedha za gari lilikuwa limejaa kuliko wakati wowote, kwa kuwa sajini alikuwa akikusanya kwa ajili ya matairi na vifaa vya kabureta. Mama hakulitaja kopo. Sharti lilikuwa lake: fedha za karo zisiingie kwenye gari. Kwa maoni yake, uadilifu ulidai kwamba na fedha za gari zisiingizwe kwenye karo bila ridhaa ya aliyezitolea jasho.

Siku moja sajini alirudi mapema, akamkuta mlangoni mtu asiyemjua akiinua cherehani. Nyumba ile ilikuwa na cherehani mbili. Hiyo ilikuwa ile nzuri. Alipouliza, mkewe alimjibu kwa upole kwamba imeuzwa, na kwamba iliyobaki itatosha akishona na usiku. Sajini aliingia chumbani, akatoka na kopo, akamrudishia yule mtu malipo yake yote, akamwomba radhi kwa usumbufu. Kilichobaki akakimwaga juu ya meza ya kukatia nguo.

Mama alikasirika. "Tuliagana," alisema. "Daftari lina kurasa mbili."

Sajini akamjibu, "Masharti uliyaweka ili gari lisiwale watoto. Hukuyaweka ili watoto wasile gari."

Karo ililipwa. Banda lilifungwa kwa karibu miaka miwili, kwa maana ya kwamba hakikununuliwa kitu. Hata hivyo kazi zisizohitaji fedha ziliendelea jioni moja moja. Vipande vilisuguliwa, boliti zikapakwa grisi, na mama mwenyewe, bila kuombwa, akafumua ngozi bandia ya viti uzi kwa uzi, akaitumia kuwa kielelezo, akakata na kushona mpya kwa cherehani ile ile iliyonusurika. Tangu hapo hakuita tena "gari lako."

Hesabu ya mwisho

Mwaka 2005 injini iliunganishwa. Kabla ya kuwashwa ilizungushwa ikiwa haina plagi mpaka geji ionyeshe kwamba mafuta yamepanda. Nafasi za vali zilipimwa injini ikiwa na moto, milimita 0.25 za kuingizia na milimita 0.30 za kutolea moshi, na aliyezipima ni mtoto yule wa namba za vitambaa, sasa kijana mwenye sauti nzito. Baada ya majaribio mafupi ya breki, mume na mke walikwenda hadi Iganga na kurudi. Mama alisema kiti ni kizuri, ila mshono wa kushoto unataka kurudiwa, akaurudia.

Kisha alifunga hesabu. Daftari lilionyesha wazi kwamba kwa fedha zilizotumika wangaliweza kununua gari la kawaida lililokwisha tumika, lenye nafasi kwa watu wote wa nyumba kama wangebanana. Hakuficha, wala mumewe hakubisha. Si wao peke yao waliofikia jawabu hilo. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Nissan huko Marekani ilinunua 240Z za zamani, ikazifanya upya na kuziuza kwa dola kama 25,000 kila moja, lakini gharama zilikuwa kubwa, na magari yaliyotoka yakawa machache kuliko yaliyokusudiwa. Na mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan nchini Japani walipolifufua lile gari lenyewe lililoshinda Safari mwaka 1971, walifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Gari la namna hii halirudishi fedha zake kwa urahisi. Nyumba ya Jinja ilirudishiwa kwa njia nyingine: watu walioliona barabarani walileta magari yao uani, na sajini alipostaafu alikuwa na karakana yenye wateja, pamoja na mwana aliyekwisha kuujua ufundi.

Sajini alilipeleka gari dukani kwa yule aliyelifungia mwaka 1972. Mzee yule alilitazama kwa muda, akafungua mlango, akasoma kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Hakutaka kuliendesha. Aliingia ndani ya duka, akatoka na ufunguo wa pili, ambao alikaa nao Uingereza miaka yote ile, akasema, "Sajini, huu ulibaki kwangu. Sasa mauzo yamekamilika."

Kwa msomaji anayelitamani gari la namna hii, nyumba ile inamwachia maswali manne ya kujiuliza kabla hajatoa hata senti. Je, mwenye mali yupo, na karatasi zinalingana na chuma? Je, mifupa ya gari ni mizima, au rangi inaficha uozo? Je, fedha za kazi hiyo zina mfuko wake, mbali na chakula na karo? Na je, mwenzake wa nyumbani analijua daftari? Aliye na majibu manne anaweza kuingia bandani. Aliye na matatu na asubiri, kwa maana gari lililosubiri miaka 26 halishindwi kusubiri mwaka mmoja zaidi.